Maneno Yaliyopita Kinywani mwa Feza

Zaragoza, Hispania

Wifi yangu Feza, wa Wamaza,

Nakusalimu wewe kabla ya mtu mwingine yeyote. Goti lako linaendeleaje? Mwaka jana ulisema linakuzuia kufika shamba la ng'ambo ya kijito. Na muhogo, mliuvuna, au mliuacha tena ardhini kwa sababu njia haikutulia? Habari zenu nazipata vipande vipande kwa watu wanaotoka Kasongo. Wanasema siku nyingine pikipiki zinafika hadi kwenu, siku nyingine zinageuzia katikati. Sisi huku miili yetu ni mizima, yangu na ya mtoto. Mengine utayasoma.

Barua hii nampa mama mmoja wa kwetu anayerudi Bukavu. Ataipitisha Kasongo kwa mama yangu, ndipo ije kwako. Najua ni safari ndefu wakati simu ipo. Lakini kwenye simu mimi na wewe tumeshindwa. Mara ya mwisho ulilia, nikalia, mtandao ukakatika, na baadaye ukanitumia sauti ile. Niliisikiliza jikoni nikidhani mtoto yuko chumbani, kumbe amesimama nyuma yangu. Alikusikia ukisema kwamba nilimficha ndugu yako kama mtu anavyoficha nyama wageni wakija, kwamba nilijua atakufa na sikuwaambia hata siku moja. Siku ile sikukujibu. Leo nakujibu. Nakuomba uisome mwenyewe, hata kama itakuchukua siku tatu. Usimpe mtu akusomee.

Wifi, sikujua.

Hilo ndilo jibu langu lote, na najua halikutoshi. Utauliza, mke anayelala kitanda kimoja na mume wake, anayekwenda naye hospitali, anakosaje kujua? Acha nikueleze tangu mwanzo.

Unakumbuka ndugu yako Yuma alitangulia huku peke yake, akapata kazi kwenye kiwanda cha nyama, ndani ya chumba cha baridi. Kihispania alikiokota humo humo kiwandani, cha inua, shusha, fanya haraka, lakini kilimtosha. Tulipomfuata, mtoto wetu Feza, mwenye jina lako, alikuwa na miaka saba. Shuleni walimweka kwanza kwenye darasa dogo la watoto waliotoka nchi nyingine, Wamoroko, Waromania, Mchina mmoja, wote wakifundishwa lugha tu. Haukuisha mwaka, akawa anasema kama aliyezaliwa hapa. Hata akiota, anaota kwa Kihispania. Nilikuwa namsikia.

Mimi nilianza masomo ya watu wazima, asubuhi mbili kwa juma, katika ukumbi nyuma ya kanisa. Anayetufundisha ni Mama Pilar, mwalimu mzee aliyekwisha kustaafu, mpole sana. Nilidhani itakuwa rahisi kwa sababu ya Kifaransa changu cha ualimu. Kumbe Kifaransa kinasaidia leo na kesho kinakudanganya. Siku moja Mama Pilar aliingia akikohoa, akasema yuko «constipada». Kwa Kifaransa unajua maana yake, mtu tumbo limemfunga. Nikamhurumia, nikamshauri mbele ya darasa zima ale papai bivu. Kumbe kwao ni mafua tu. Yuma alicheka hadi akashika ukuta. Nakuandikia hili ili ujue kwamba tulikuwa na siku za kucheka pia.

Basi Feza akawa mdomo wetu. Dukani ni yeye, ofisi ya karatasi za ukaaji ni yeye, hata shuleni kwake mwalimu wake akiniita kunieleza habari zake, ni yeye mwenyewe anayenitafsiria. Sikuona ubaya. Mimi na wewe tulijuana namna gani? Nilipotumwa kufundisha Wamaza, mimi mtoto wa Kasongo nisiyejua Kibangubangu hata cha kuombea maji, akina mama walikuwa wanakuja shuleni kunigombeza, na wewe ndiye uliyekuwa unanitafsiria. Ulikuwa unaniambia, «Anakushukuru, mwalimu, ila anaomba uwe unawaachilia watoto mapema.» Miaka ikapita, nimekwisha kuolewa na kaka yako, ndipo ukaniambia yule mama alikuwa ananitukana mimi na ukoo wangu. Ulisema ulipunguza makali ili nisikimbie. Tulicheka sana siku ile. Nakuomba uliweke hilo moyoni unapoendelea kusoma.

Kabla ya Krismasi, Yuma alianza kukonda. Suruali zikawa zinamwanguka. Alisema ni baridi ya kiwandani, kisha akasema ni tumbo. Walimpima mara nyingi, halafu wakatuita. Daktari ni mwanamke kijana mwenye sauti ndogo. Tulikaa hivi: daktari upande wake wa meza, Yuma, katikati Feza, kisha mimi. Kabla ya kuanza, daktari aliuliza kama tunataka mtu wa kututafsiria kwa Kifaransa kwenye simu. Neno «francés» nililisikia, nikataka kusema ndiyo. Yuma akanitangulia. Akasema hapana, binti yetu anatosha. Kisha akanigeukia, akasema hataki mtu asiyetujua asikie mambo ya mwili wake. Nikaona ni haki yake.

Daktari alisema maneno mengi, akinyamaza na kuendelea. Feza hakunitazama. Alikuwa anamtazama baba yake. Yuma alimwambia kitu kifupi kwa Kihispania, taratibu. Halafu mtoto akanigeukia.

«Munganga anasema ini ya baba iko na kidonda,» akasema. «Anasema dawa itachukua muda, lakini atapona.»

Niliona kwamba ya daktari yalikuwa marefu na ya mtoto mafupi. Nilifikiri, ni mtoto, amefupisha. Tukiwa tunatoka, daktari aliniwekea mkono begani. Nikamshukuru kwa neno lao. Wifi, nilimtabasamia.

Katika maneno ya daktari nilikuwa nimeshika moja, «cuidados». Somo lililofuata nikamuuliza Mama Pilar maana yake. Akasema ni kutunza, kulea kwa mapenzi, kama mama na mtoto mchanga. Nilirudi nyumbani nimefurahi. Neno lililolifuata hilo sikulishika, ningalilishika ningaliuliza na lenyewe. Unakumbuka nilikupigia simu nikakwambia wanamtunza vizuri? Ndio ukweli niliokuwa nao.

Tangu hapo Yuma akawa mkali juu ya masomo yangu. Wewe unamjua, si mtu wa kupaza sauti. Lakini siku nikisema leo siendi, nikae nimpikie uji, alikuwa anakasirika kweli. Asubuhi ananiuliza maswali nikiwa nafua: nikifika kwa daktari nasemaje, nikipoteza kitambulisho nasemaje, mwenye nyumba akinidai nitoke nasemaje. Alinifundisha kujaza fomu, mstari kwa mstari, jina, anwani, hali ya ndoa. Nikikosea kwenye hali ya ndoa alikuwa ananirudisha. Niliona ni mgonjwa anayetafuta kitu cha kumpitishia siku.

Baada ya Pasaka walimlaza tena. Mtihani wangu wa Kihispania uliangukia juma lile. Nilimwambia nitauacha, upo mwingine mwakani. Alinishika kidole, akasema, «Jozefina, nenda. Feza atakaa na mimi.» Nikaenda. Nilikaa kwenye meza, nikasikiliza sauti za watu wanaonunua tiketi ya treni, nikaweka alama kwenye majibu. Niliporudi hospitali, alikuwa macho lakini hasemi tena. Alikaa hivyo siku nne. Alikufa mkono wake ukiwa ndani ya wangu. Hapo angalau nilikuwepo.

Hatukuweza kumrudisha Wamaza. Hata kuzika kwao si kama kwetu. Walimwingiza ukutani, Wifi, kwenye ukuta mrefu wenye vyumba vidogo vidogo, kimoja juu ya kingine, wakaziba kwa saruji. Walikuja wenzake wanne wa kiwandani na Mama Pilar. Nilitafuta udongo wa kumwagia, sikuuona.

Nilikuwa naamini ameondoka ghafla. Nilikuwa naamini kuna mtu alikosea, dawa ilizidi, au hawakumjali kwa sababu ni mgeni. Mwezi ulipita. Mama Pilar akatuambia kila mtu alete darasani karatasi moja ya nyumbani kwake asiyoielewa, tuisome pamoja. Mmoja alileta barua ya umeme, mwingine ya shule. Mimi nilileta karatasi ya hospitali niliyoikuta kwenye koti la Yuma, imekunjwa mara nne. Nilitaka kujua kosa ni la nani.

Mama Pilar alipoisoma, aliiweka kifudifudi mezani, akaendelea na karatasi za wengine. Aliponiomba nibaki, nikajua. Alikaa karibu nami, akaniwekea kidole chini ya kila neno. Ilikuwa imeandikwa kabla ya Krismasi, siku ile ile ya meza na viti vitatu. Saratani ya ini, imekwisha kuenea, haina dawa ya kuiponya, wangempunguzia tu maumivu. Neno lile nililolikosa lilikuwa ndilo hilo la kupunguza maumivu. Na chini kabisa pana mstari ambao Mama Pilar hakuuwekea kidole, kwa sababu niliusoma mwenyewe: mgonjwa na familia wamejulishwa, binti yao akitafsiri. Ndio mstari wa kwanza wa karatasi ya serikali ya huku niliouelewa wote, bila msaada wa mtu.

Nilifika nyumbani kabla ya mtoto. Alipoingia na mfuko wake wa shule, nilimwonyesha karatasi, na kabla hajafungua mdomo nikampiga kofi. Nakuambia nilivyofanya, sitapunguza makali. Nilimwita mwongo. Nilimwambia yeye ndiye aliyenizuia kumuaga baba yake. Hakulia. Alishika shavu, akakaa chini kwenye sakafu.

«Ulisema atapona,» nikamwambia.

«Baba aliniambia niseme vile.»

«Kwa nini?»

«Alisema mama akijua ataacha masomo. Alisema yeye akikufa na mama hajui luga, nani atatusemea?»

Nilikaa chini pia. Akanieleza kila mara ilivyokuwa. Daktari anasema, baba anamwambia cha kuniambia, naye anaugeuza uso kwangu na kukisema. Miezi mitano, Wifi. Mtoto wa miaka kumi na mmoja alibeba kifo cha baba yake kwenda shule na kurudi, akaketi nami mezani akila wali, na mimi nikimwomba anisikilize kama nimesema vizuri «nilikwenda, ulikwenda, alikwenda». Nilimuuliza kama hakuwahi kutaka kuniambia. Akasema siku moja alitaka, nilipokuwa namsuka nywele. Lakini jina la ugonjwa alilisikia kwa Kihispania tu. Hakujua kwa Kiswahili watu wanalisemaje, na aliogopa akilisema vibaya nitacheka.

Kuna jambo jingine, na hili ni lako zaidi kuliko langu.

Siku ya mtihani wangu, baba yake alisema naye muda mrefu. Nilimuuliza alimwambia nini.

«Haikuwa Kiswahili,» akasema. «Haikuwa Kihispania. Nilimwambia, baba, sisikii, sema ile nasikia. Hakuacha.»

Alikuwa anasema Kibangubangu. Sisi hatukumfundisha mtoto. Mimi mwenyewe ninachojua ni salamu na majina ya vyakula, na Yuma alikuwa anasema Kiswahili kitamtosha pamoja na Kihispania, tumpakie mtoto lugha ngapi. Basi aliyetutafsiria kila kitu nchi hii alikaa kando ya baba yake asubuhi nzima, akaambiwa maneno ya mwisho, na hakuna hata moja aliloweza kulibeba. Anakumbuka jina tu. Anasema baba alikuwa anasema Feza, Feza, mara nyingi.

«Sijui aliniita mimi,» akasema, «ao aliita shangazi.»

Mimi sijui, Wifi. Nawe hutajua. Lakini ulinituhumu kwamba nilikunyima ndugu yako, na hiki ndicho kilichobaki kwake, hivyo nakuletea nusu yako. Huenda alikuwa Wamaza siku ile, anakuita uje umfungulie mlango. Huenda alikuwa hapa. Mtoto anajiuliza peke yake.

Tangu kofi lile Feza hasemi Kihispania. Hata neno moja. Shuleni anakaa, anaandika kidogo, akiulizwa anatazama meza. Waliniita. Alikuwepo mwalimu wake na mama mmoja anayeshughulikia akili za watoto. Nilielewa karibu yote, masomo ya ndugu yako yamenifikisha hapo. Walisema lugha mbili zimekuwa mzigo kwa mtoto, zimegongana kichwani. Wanataka nyumbani tuiache yetu, niseme naye Kihispania tu, na mwaka ujao arudie darasa pamoja na wadogo.

Nilifundisha miaka tisa, Wifi. Watoto wa Wamaza wana Kibangubangu jikoni, Kiswahili sokoni na Kifaransa ubaoni, na hakuna aliyewahi kuwa bubu kwa ajili hiyo. Nilitaka kumwambia yule mama kwamba si lugha mbili zilizomchosha mtoto wangu, ni kile tulichokipitisha humo. Nilitafuta maneno. Niliyo nayo ni ya mkate, ya treni, ya kitambulisho. Kwa mazoea nikamgeukia Feza anisaidie. Alikuwa anatazama viatu vyake. Basi nikasema «sí», nikatia sahihi. Kwa hiyo sasa natakiwa niseme na mtoto wangu kwa lugha ninayokosea kila sentensi, na yeye anayeijua hataki kuisikia. Kiswahili ananipa kidogo tu, maji, ndiyo, nimechoka. Bibi yake akipiga simu kutoka Kasongo, anaipokea, anasikiliza, ananipa.

Ulitaka ukweli, basi pokea na huu. Sijarudi kwenye masomo. Matokeo ya mtihani yalikuja, nimefaulu, karatasi iko kwenye bahasha yake sijaitoa. Mama Pilar alikuja mara mbili kubisha hodi. Nilisimama nyuma ya mlango, sikufungua. Ndugu yako alinificha kifo chake ili nisiache kusoma, na mimi nimeacha. Kila asubuhi ya somo navaa viatu, nafika mlangoni, navua. Siwezi kukaa tena kwenye kile kiti nikasema nilikwenda, ulikwenda, alikwenda.

Wifi, sikuombi unisamehe. Kama una la kunigombeza bado, liandike, mimi nitalisoma. Lakini sauti kwenye simu usitume tena, kwa sababu Kiswahili mtoto anakisikia chote, hata asiposema. Mambo ya Kanisa na matanga fanyeni mnavyoona inafaa, nyinyi ndio mna nyumba yake. Nikirudi, na sijui lini, nitaketi mbele ya wazee nijibu nitakayoulizwa.

Nisalimie baba mkwe. Umwambie tu kwamba mwanawe hakufa peke yake. Habari ya ukuta usimwambie, atakosa usingizi. Nisalimie mume wako, na mdogo wenu wa mwisho anayefundisha Kabambare, na yule shangazi mzee wa Yuma aliyenifundisha kusonga ugali wenu. Mama yangu akikuletea barua hii kwa mkono wake mwenyewe, mpe mahali pa kulala, kwa sababu magoti yake ni kama yako.

Mimi wifi yako,
Jozefina

Sehemu hii ya chini nilimwachia Feza akusalimie, kwa lugha yoyote anayotaka. Nilimpa kalamu, nikaenda kuanika nguo ili asione namtazama. Niliporudi, kalamu ilikuwa juu ya karatasi na kifuniko chake kimefungwa. Sikutaka kuijaza mimi, nimeiacha hivyo hivyo.